Fundi Sanifu wa Bayoteknolojia: Mafunzo Yake na Lugha Yake katika Eneo la Nakuru

Utangulizi

Anapotajwa mtaalamu wa bayoteknolojia, wengi wetu humfikiria profesa aliyeinamia hadubini. Ni nadra kumkumbuka fundi sanifu, yule anayeigeuza elimu hiyo kuwa bidhaa: mche usio na ugonjwa, mbegu ya kiazi, chanjo ya mifugo au mdudu rafiki wa mkulima. Makala hii inanuia kueleza jinsi fundi huyo anavyoandaliwa, hasa katika eneo la Nakuru na Bonde la Ufa la kati. Aidha, inanuia kuonyesha kuwa mafunzo hayo yana pengo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kusaidia kuliziba.

Mahali pa kazi

Eneo hili si geni kwa kazi ya aina hii. Molo na Njoro ni nyanda za viazi, na kiazi kikipandwa msimu baada ya msimu hurithisha virusi na bakteria kwa kizazi kinachofuata. Njia mojawapo ya kuukata mnyororo huo ni ukuzaji wa tishu, yaani kuotesha sehemu ndogo ya ncha ya mmea ndani ya chupa. Pareto nayo, ambayo kwa miaka mingi imesindikwa mjini Nakuru, huweza kuzalishwa kwa njia iyo hiyo. Ikumbukwe kwamba ukuzaji wa tishu haubadilishi jeni za mmea. Huzidisha tu mmea uliochaguliwa.

Huko Naivasha, kampuni ya Dudutech, iliyoanzishwa mwaka wa 2001, huzalisha utitiri wawindaji na kuvu wanaotumiwa kudhibiti wadudu waharibifu pasipo kutegemea sumu. Utitiri mwindaji hulishwa utitiri mharibifu, ambaye naye hukuzwa juu ya mimea kama maharagwe. Mwindaji mmoja akibebwa na nguo ya mfanyakazi hadi kwenye chumba cha windo, chakula chote kilichokuzwa humo huweza kuangamia. Ndiyo maana katika kazi hii mpangilio wa kuingia na kutoka vyumbani ni sehemu ya elimu yenyewe.

Njia ya mafunzo

Mwanafunzi aliyemaliza shule ya upili ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni chuo kikuu, kama vile Egerton kilichoko Njoro, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo na kuwa chuo kikuu mwaka wa 1987. Ya pili ni vyuo vya kiufundi, kikiwemo Chuo cha Kitaifa cha Rift Valley mjini Nakuru, ambavyo husimamiwa chini ya Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka wa 2013. Katika mfumo wa sasa unaopima umilisi, ngazi ya 5 ni ya cheti na ngazi ya 6 ni ya stashahada. Kwa kawaida ngazi ya 6 humtaka mwombaji awe na wastani wa C- katika mtihani wa KCSE. Mara nyingi kozi anayosoma hubeba jina la teknolojia ya maabara au biolojia tumizi, wala si bayoteknolojia. Kwa hivyo asikate tamaa asipoliona neno hilo.

Darasani hufundishwa biolojia, kemia, vipimo na usalama. Hata hivyo, ufundi huja kwa mkono. Atajifunza kuandaa chakula cha mimea kwa kufuata kanuni ya Murashige na Skoog ya mwaka wa 1962: chumvi za madini, vitamini, takriban gramu 30 za sukari kwa lita, uasidi wa kiwango cha pH 5.8, na agari itokanayo na mwani ili kuligandisha rojo. Kisha chakula hicho huingizwa katika otoklevu, yaani chungu cha mvuke wa shinikizo, kwa nyuzi 121 za Selsiasi na dakika 15 hadi 20. Baadaye atakata vichipukizi ndani ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa, mikono ikiwa imepakwa ethanoli ya asilimia 70. Kila hatua huandikwa: tarehe, saa, nambari ya mkupuo na jina la mtendaji.

Kwa nini uangalifu huu wote? Tuseme kichipukizi kimoja hukatwa vipande vinne kila mwezi. Baada ya miezi sita vitapatikana vichipukizi 4,096. Iwapo cha kwanza kilikuwa na virusi vilivyojificha, basi vyote 4,096 ni vigonjwa, na mkulima ndiye atakayeugundua ukweli shambani, fedha zake zikiwa zimekwisha kutumika. Wahenga walinena kuwa samaki mmoja akioza huoza wote.

Pengo la lugha

Vitabu na miongozo ya kazi hii huandikwa kwa Kiingereza, ilhali maagizo ya kila siku baina ya wafanyakazi wa Nakuru, watu wa makabila mengi, hutolewa kwa Kiswahili. Katikati ya lugha hizo mbili maana huweza kupotea. Tuchukue kitenzi "safisha." Maabarani kinaweza kumaanisha kuondoa uchafu kwa maji na sabuni, kuua viini vilivyo juu ya meza kwa dawa, au kuangamiza kila kilicho hai ndani ya chupa kwa mvuke. Mwanagenzi akiambiwa "safisha chupa," huenda akaiosha akaishia hapo, na baada ya siku chache kuvu wakatanda katika mkupuo mzima.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno. Kilichopungua ni makubaliano. Tungependekeza "osha" kwa kazi ya kwanza, "ua viini" kwa ya pili na "takasa" kwa ya tatu, mradi kila neno lishikilie maana moja tu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Msingi upo, lakini kazi za viwandani zinahitaji orodha zake.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haitatimia kwenye karatasi pekee. Msomaji mpenzi, maabara na viwanda vya eneo hili haviko mbali nawe. Keti na mafundi, sikiliza wanavyoviita vifaa na vitendo vyao, andika, linganisha, kisha urudishe kwao mwongozo wa ukurasa mmoja wanaoweza kuubandika ukutani. Huo ni utafiti wa isimu, na mazao yake yatapimwa kwa gunia la viazi.