Mahali pa Masale Nyumbani

Mmea wa masale wengi wenu mnaujua. Kwa Wachaga ndio alama ya mipaka ya vihamba, tena jani lake ni la kuombea msamaha. Wataalamu huuita Dracaena fragrans, na huko Ulaya watu huupanda katika vyungu uwe pambo la nyumba.

Jirani yangu, tulipokwisha kupatana juu ya mpaka wetu, alinipa mche mmoja. Nikautia chunguni, nikauweka pembeni mwa chumba, mbali na dirisha. Miezi ikapita, usitoe jani jipya. Nikaona haya: jirani akija, atasemaje? Basi nikautoa nje juani, na kwa siku chache majani yakaungua, yakawa na mabaka.

Ndipo nilipofahamu. Asili yake ni mmea wa msituni, ukaao chini ya miti mirefu. Hutaka mwanga mwingi, walakini si jua kali. Nikauweka hatua moja kutoka dirisha la mashariki, lipatalo jua la asubuhi tu.

Nanyi pimeni hivi: wakati wa adhuhuri wekeni mkono kati ya dirisha na mmea. Kivuli kikiwa cheusi sana, mwanga umezidi. Kisipoonekana, ni giza. Kikiwa hafifu, hapo ndipo mahali pake. Kila juma geuzeni chungu kidogo, mmea usiinamie upande mmoja. Majani yaliyoungua hayaponi, ngojeni mapya.

Jirani alipokuja, aliyakuta matatu.