Amit Varma: Toka kriketi na karata hadi podikasti ya saa 5

Mwambie mtu asikilize mazungumzo ya saa 5 kwenye simu, atakucheka. Lakini Amit Varma wa India kajenga jina kwa kitu hicho hicho.

Alikuwa mwandishi wa kriketi kwenye tovuti ya Cricinfo. Desemba 2004 akafungua blogu yake, India Uncut. Tarehe 26 mwezi huo huo tsunami ikaipiga pwani ya kusini mwa India. Varma akaenda Tamil Nadu, akawa anaandika anachokiona bila kusubiri mhariri ampitishie. Twitter haikuwepo bado, na wasomaji wakamiminika kwenye blogu.

Mwaka 2007 alipata Tuzo ya Bastiat ya uandishi wa habari, akaipata tena 2015. Katikati hapo alitoa riwaya, My Friend Sancho (2009), kuhusu mwandishi wa habari za uhalifu Mumbai anayempenda binti wa mtu aliyeuawa na polisi. Halafu, kwa miaka kadhaa, akawa anaishi kwa kucheza poka. Ndiyo, karata za pesa. Si wengi wangeacha kalamu inayowapa tuzo wakakae mezani na wacheza kamari.

Januari 2017 akaanzisha podikasti, The Seen and the Unseen. Jina hilo limetokana na insha ya mwaka 1850 ya Mfaransa Frédéric Bastiat. Hoja yake ni hii: mtoto akivunja kioo cha dirisha, fundi anapata kazi, na watu wanasema uchumi umechangamka. Hicho kinaonekana. Kisichoonekana ni viatu ambavyo mwenye nyumba angevinunua kwa pesa ile ile, na mshona viatu aliyekosa mteja. Varma anaipima hivyo hivyo mipango ya serikali ya India: nani kafaidika hadharani, na nani kaumia kimyakimya?

Mwanzoni vipindi vilikuwa vya dakika 20 hivi. Kila mtu kwenye biashara hii alikuwa anahubiri ufupi, yeye akarefusha. Saa 1, saa 3, hadi vingine vikapita saa 5, mgeni akisimulia utoto wake kwanza kabla ya kuulizwa kuhusu kazi. Wasikilizaji hawakukimbia. Wapo wanaosikiliza kipande kwenye foleni ya magari asubuhi, kingine jioni wakiosha vyombo.

Tangu 2020 anafundisha pia uandishi kwa njia ya mtandao.