Roki ya chumbani: Kwa nini sauti ya mwimbaji hukataa kukaa na magitaa?

Magitaa yananguruma, ngoma zinagonga, besi imetulia. Kisha mwimbaji anaingia, na ghafla wimbo unasikika kama mtu anayeimba karaoke juu ya bendi ya wengine.

Tatizo hili linawasumbua wengi wanaorekodi roki nyumbani kwa laptopu na maiki moja. Cha kwanza wanachofanya ni kupandisha sauti ya mwimbaji. Ikipanda, inaelea juu ya muziki. Ikishuka, maneno yanamezwa. Mtu anaweza kukesha akipandisha na kushusha, na asubuhi wimbo uko palepale.

Shida si ukubwa wa sauti. Ni nafasi.

Mafahali wawili, zizi moja

Gitaa la umeme lenye distosheni hujaza masafa mengi kwa wakati mmoja, likiwemo eneo la hezi 2,000 hadi 4,000. Hapo hapo ndipo sikio la binadamu lilipo kali, na ndipo konsonanti nyingi husikika. Gitaa likitawala eneo hilo, maneno yanapotea.

Dawa ni kulipunguza gitaa, si kuikuza sauti. Kwenye ikwalaiza, desibeli 2 au 3 tu zikitolewa kwa magitaa katika eneo hilo, maneno huanza kutokeza. Kama magitaa ni mawili, moja huenda kushoto, jingine kulia, katikati pakabaki kwa mwimbaji.

Sauti nayo hukatwa chini ya hezi 80 hivi, kwa sababu huko kuna vishindo vya maiki na mvumo wa feni kuliko uimbaji.

Kompresa inafanya nini?

Gitaa lenye distosheni hutoka na nguvu karibu ileile mwanzo mwisho. Mwimbaji hunong'ona kwenye ubeti, halafu anapasua koo kwenye kiitikio. Kompresa hubana sehemu kali ili zisiachane mno na zile za chini. Kwa uwiano wa 4:1, kila desibeli 4 zinazovuka kikomo kilichowekwa, hutoka 1 tu.

Bendi iwe chumba kimoja

Sauti ikiwa kavu kabisa na ngoma zina mwangwi wa ukumbi, sikio linajua hawa hawakuwa pamoja. Mwangwi uleule, kwa kiasi kidogo, ukipitishwa kwa wote, bendi inarudi chumba kimoja.

Ila mwangwi wa chumba kitupu ukishaingia kwenye maiki, kuutoa ni kazi. Blanketi zito au godoro nyuma ya mwimbaji, na maiki sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, huokoa mengi mapema.

Hila ya Nevermind

Njia nyingine ni kuimba mara mbili na kulaza sauti moja juu ya nyingine. Mwaka 1991, Nirvana wakirekodi albamu ya Nevermind huko California, Kurt Cobain hakuipenda njia hiyo. Aliiona kama udanganyifu. Prodyuza Butch Vig alimlainisha kwa kumkumbusha kwamba John Lennon wa Beatles alikuwa akifanya hivyo. Cobain akakubali.

Kwa anayerekodi nyumbani, njia hii haihitaji kifaa kipya. Inahitaji pumzi ya kurudia na umakini wa kumaliza maneno kwa pamoja. Sauti ya pili huwekwa chini kidogo ya ya kwanza.

Jaribio la mwisho

Wimbo uchezwe kwenye spika ya simu, kwa sauti ndogo, maana wasikilizaji wengi watakutana nao hapo. Kama kila neno linasikika na gitaa bado linauma, sauti imekaa. Kama mwimbaji yuko peke yake mbele, kazi inarudi kwenye magitaa.