Mtoto wa Mbwa Akikojoa Damu

Wenyeji wa Kaloleni, Makongeni na Jericho, upande wa mashariki wa Nairobi, hufuga mbwa wapate kulinda nyumba. Mtoto wa mbwa akikojoa mkojo mwekundu, mwenyewe asimpe dawa ya minyoo akangoja kesho. Huenda kesho asimkute hai.

Kinga mkojo katika chupa nyeupe, uuache utulie saa moja au mbili. Damu ikizama chini, yamkini kibofu kina ugonjwa, au mbwa amekula sumu ya panya. Sumu nyingi za namna hiyo huzuia damu isigande, na dalili huonekana baada ya siku 2 hadi 5. Dawa yake ni vitamini K1. Lakini mkojo ukibaki mwekundu wote, au mweusi kama kahawa, yaelekea ni homa ya kupe, ambayo hupasua chembe za damu mwilini. Tazama ufizi pia: ukiwa mweupe au wa manjano, hali ni mbaya.

Hata hivyo chupa haitoshi. Daktari wa wanyama hutazama damu kwa darubini, na akiona vijidudu vya kupe hupiga sindano ya imidokabi kwa kadiri ya uzito wa mbwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kinao madaktari hao huko Kabete. Ni mbali, naam.

Usimpe dawa za watu za maumivu, zaweza kumwua. Usiguse mkojo kwa mkono mtupu, maana leptospirosisi, iletwayo na panya, huambukiza watu pia. Chukua ile chupa, na karatasi ya sumu kama ipo, umwonyeshe daktari.