Laptopu ikikwama katikati ya kuwekwa mfumo mpya, usikimbilie kurudia

Tangu Microsoft ikomeshe huduma zake za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu kuukuu wengi wanafikiria kuhamia Linux. Si wazo baya, tena ni bure. Lakini majuzi binti wa jirani aliniletea yake ikiwa haiko huku wala kule: Windows imeshafutwa, Linux Mint imekataa kuingia. Ndani mlikuwa na picha za harusi ya dadake na kazi yake ya chuo. Alikuwa amejaribu kuiweka mara nne.

Hizo mara nne ndizo zilizonitia wasiwasi.

Mfumo wa faili ni kama daftari la karani wa bohari, linaloonyesha kila mzigo uko rafu gani. Usakinishaji ukikatika, mara nyingi kinachoharibika ni daftari, mizigo ingaliko. Kila unaporudia, mizigo mipya hupangwa juu ya ile ya zamani. Kwenye SSD mambo huwa mabaya zaidi, maana diski ikishaambiwa sehemu fulani haina kitu, huweza kuifuta yenyewe. Binti huyu bahati yake ilikuwa diski ya kizamani, ile inayozunguka.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, okoa faili kwanza. Washa laptopu kwa flashi ya Linux, ijaribu bila kuisakinisha, kisha nakili unachokiona kwenye diski ya nje. Kisichoonekana, tumia PhotoRec: huokoa picha na hati nyingi, ingawa majina ya faili hupotea. Na chaja iwe imechomekwa muda wote. Betri kuukuu ikizima katikati ya kazi, umeanza upya.

Kisha soma maneno yaliyo kwenye skrini, ambayo wengi huyafunga bila kuyatazama. Ukiona SQUASHFS, usilaumu diski. Hilo ni jina la mfumo wa faili uliobanwa ndani ya flashi, kwa hivyo huenda flashi ni mbovu au faili ya ISO ilipakuliwa nusunusu. Linganisha namba yake ya SHA256 na ile iliyo kwenye tovuti ya Linux Mint. Herufi moja ikitofautiana, pakua tena.

"Input/output error" ni habari nyingine. Hapo mara nyingi diski yenyewe inakufa, au waya wake umelegea. Fungua programu ya Disks utazame taarifa za SMART. Sekta mbovu zikiwa zinaongezeka, nunua diski mpya, wala usiilazimishe ya zamani kujirekebisha kabla hujanakili vitu vyako.

Makosa yakibadilika kila mara, shuku RAM, uache Memtest86+ ifanye kazi usiku kucha. Na anayetaka kuweka Linux kando ya Windows, azime Windows huku ameshika kitufe cha Shift. Bila hivyo huenda isizimike kabisa, na Linux ikakataa kuandika kwenye sehemu yake.

Ya binti ilikuwa SQUASHFS. Flashi ya bei rahisi, diski nzima kabisa. Tulitumia flashi nyingine, Mint ikaingia mara ya kwanza. Picha nyingi za harusi tulizipata. Kazi ya chuo, sura mbili hazikurudi.