Anayelala Mchana Hajatutenga

Tanuri la saruji huchoma mawe kwa joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Kulizima kila jioni na kuliwasha tena alfajiri ni hasara kubwa, na ndiyo maana kiwanda kama cha Hima, hapa kwetu Kasese, kinahitaji watu usiku kucha. Hospitali ya Bwera nayo, iliyo karibu na mpaka wa Mpondwe, haiwezi kufunga wodi ya wazazi kwa sababu giza limeingia. Kazi hizi lazima zifanywe. Ninachotaka tukitazame ni anachopoteza mfanyakazi wa zamu ya usiku akirudi kwao, tuseme Bwesumbu, kwenye miteremko ya Rwenzori.

Tuanze na mwili. Ndani ya ubongo kuna kundi dogo la chembe hai linaloendesha saa ya mwili, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga. Giza likiingia, homoni ya melatonini huongezeka, joto la mwili hushuka, usingizi huja. Wengi huamini kwamba ukifanya zamu ya usiku muda mrefu utazoea. Walio wengi hawazoei kikamilifu, maana kila asubuhi jua huirudisha saa hiyo ilikokuwa. Kasese tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza karibu saa moja, wakati uleule wengi wanapotoka kazini. Mtu analala chini ya bati linalozidi kupata moto, watoto wanacheza nje, na usingizi wake unapungua kwa saa kadhaa kuliko ule wa usiku.

Hasara ya pili haionekani hospitalini, nami naiona nzito zaidi. Urafiki wa vijijini kwetu hauna miadi. Unajengwa njiani watu wanapotoka kwenye kahawa, dukani jioni, kwenye baraza la jirani baada ya chakula. Saa hizo ndizo mwenzetu anazopanda bodaboda kwenda zamu. Halafu kuna mazishi, ambayo hufanyika mchana, na asiyefika hukumbukwa. Hakuna anayesema, “Alikuwa kazini usiku kucha.” Husema amepata mshahara, amejiona. Naye, kwa kuwa aliyekosa usingizi hukasirika upesi, akigongewa mlango saa sita mchana anajibu kwa ukali, na rafiki aliyekuja kwa wema anaondoka akiwa ameumia. Polepole anabakiwa na wenzake wa zamu tu.

Mashauri ya kufunga pazia zito na kuacha chai kali mwisho wa zamu ni mazuri, lakini hayarudishi rafiki. Kinachosaidia zaidi ni ratiba inayojulikana mapema. Mwajiri akitoa zamu za mwezi mzima, mtu anaweza kuahidi na kutimiza. Zamu zikizunguka, zitoke asubuhi kwenda jioni kisha usiku, maana mwili huchelewesha usingizi kwa urahisi kuliko kuuwahisha.

Nasi tunaolala usiku tuna sehemu yetu. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni mwenzetu huwa ameamka na hajaondoka. Hizo ndizo saa za kumtembelea. Kikundi cha akiba kinachokutana saa nne asubuhi kinaweza kuhamia saa kumi na moja jioni, wakulima wakiwa wametoka shambani naye akiwa amekwisha kuoga na kula.