FIGO HUTUPA KIDOGO, HUOKOA KINGI

Wapo wanaodhani ya kuwa mkojo ni maji tuliyokunywa, yaliyopita tumboni na kutoka upande wa pili. Dhana hiyo si sahihi. Mkojo hutokana na damu, na kazi ya kuutengeneza ni ya figo mbili zilizo nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kila figo hukaribia ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, na umbo lake ni kama punje ya haragwe.

Tumchukue mkulima wa Rwimbogo, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Wilaya hiyo huanzia mwambao wa Ziwa Kivu, ulio kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ikateremka hadi bonde la Bugarama, lenye joto na mashamba ya mpunga, ambako mwinuko haufiki mita 1,000. Mkulima huyo akishinda nyumbani siku ya mvua na baridi, huenda akakojoa mara nyingi, na mkojo wake ukawa mweupe kama maji. Akishuka bondeni kupalilia mpunga juani, jasho likamtiririka, atakojoa mara chache, na mkojo utakuwa wa manjano iliyokoza. Mtu ni yuleyule na figo ni zilezile. Je, figo zimejuaje kwamba leo maji ni haba?

KUCHUJA

Kila dakika figo hupokea zaidi ya lita moja ya damu, yaani kiasi cha sehemu moja katika kila tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ndani ya kila figo mna vichujio vipatavyo milioni moja, vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Kila kichujio ni kifundo cha vishipa vyembamba vya damu kilichokaa ndani ya kikombe, ambacho daktari Mwingereza William Bowman alikieleza mwaka 1842. Msukumo wa damu huyakamua maji yapenye kuta za vishipa hivyo na kuingia kikombeni. Seli za damu na protini nyingi, kwa kuwa ni kubwa, hubaki katika damu. Maji, chumvi na sukari hupita, pamoja na yurea, ambayo ni taka itengenezwayo na ini kutokana na protini.

Hapa pana jambo la kushangaza. Figo hazianzi kwa kuchagua taka. Hufanya kama mtu anayesafisha ghala: kwanza huvitoa nje vitu vyote, kisha huvirudisha vilivyo vyema na kuuacha uchafu. Kwa siku moja huchujwa kiasi cha lita 180, ilhali sehemu ya majimaji ya damu mwilini ni kama lita 3 tu. Lau yote yangemwagwa nje bila kurudishwa, yangekwisha katika muda usiozidi nusu saa.

KURUDISHA

Kila kikombe kimeungana na mrija mwembamba. Sehemu ya kwanza ya mrija huo hurudisha katika damu karibu theluthi mbili ya maji na chumvi, na takriban sukari yote. Ndiyo maana sukari ikionekana katika mkojo, daktari hushuku ugonjwa wa kisukari. Kisha mrija huteremka ndani ya figo, ukapinda na kupanda tena. Pindo hilo huifanya sehemu ya ndani ya figo iwe na chumvi nyingi, nayo chumvi huvuta maji, kama tuonavyo kwa samaki aliyetiwa chumvi.

Jasho linapopunguza maji mwilini, ubongo hutambua kwamba damu imezidi chumvi. Hapo tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni inayofungua vitundu vya maji katika mirija ya mwisho. Maji huvutwa kurudi mwilini, na mkojo hubaki kidogo na mkali. Mtu akinywa maji mengi, homoni hupungua, vitundu hufungwa, na maji huteremka kibofuni. Kwa kawaida, katika lita zile 180, hutoka lita moja na nusu hivi, yaani chini ya sehemu moja katika mia.

MPAKA WA FIGO

Hata hivyo, figo zaweza kuokoa maji, lakini haziwezi kuyaumba. Hata mtu awe na kiu namna gani, huhitaji kiasi cha nusu lita ya mkojo kwa siku ili kuondoa taka. Maji yakipungua mno, taka hujilimbikiza katika damu. Na mkojo ukiwa mkali siku nyingi, chumvichumvi zake zaweza kuganda zikawa mawe.

Kwa hiyo, anayekwenda shambani na jembe hana budi kwenda pia na dumu la maji safi, anywe kila mara, asingoje mpaka koo likauke. Mkojo uliokoza rangi mara nyingi ni taarifa ya figo kwamba zimeokoa kadiri ziwezavyo, na kwamba sehemu iliyobaki ya kazi hiyo ni ya mwenye mwili.